Nani Ashike Ufagio? Mjadala wa Kirotshe

Kati ya Sake na Minova, kando ya Ziwa Kivu, mgeni humhukumu mwenye nyumba kabla hajamsalimu. Anatazama kiwanja kama kimefagiliwa, masahani kama yako juu ya kichanja au yamelala chini, na kama mlangoni kuna maji ya kunawa. Kirotshe, katika sheferi ya Bahunde, teritwari ya Masisi, mashariki mwa Kongo, haina desturi tofauti. Hukumu hiyo humwangukia mtu mmoja tu katika nyumba nzima, na mtu huyo siku hizi mara nyingi hayupo: yuko ufukweni anangoja sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, yuko shambani mlimani, au yuko njiani na mzigo mgongoni.

Hoja basi ni hii. Maisha yakibana, kipi ndani ya nyumba kishikwe, kipi kiachwe, na kishikwe na nani? Wasemaji watano nimewatunga mimi, hakuna haja ya kutafuta majina yao. Barabara, ziwa, sheria na tarehe wanazozitaja sikuzitunga. Kuna Mzee, aliyezaliwa kabla ya uhuru wa 1960. Kuna Mama, mjane, muuza sambaza. Kuna Muuguzi, Mwalimu wa historia, na kijana Motari anayebeba abiria kwa pikipiki kwenye barabara ya Sake na Minova. Motari anamwita Mama «mama mdogo», kwa kuwa ni mtoto wa dada yake, na analala kwake. Jambo hilo litakuwa na uzito baadaye.

MZEE: Nianze mimi, maana nikinyamaza mtasema nimekubali. Mama yangu alikuwa na shamba la ndizi, la maharage na la muhogo. Alikuwa na watoto tisa. Kabla jua halijatoka alikuwa ameshafagia, ameshamwaga majivu chooni, moto umeshawaka. Hakuna aliyemsikia akisema hana wakati. Leo napita njiani saa nne asubuhi nakuta masahani ya jana yako nje, kuku wanadonoa ukoko. Nikiuliza, naambiwa vita, naambiwa soko. Vita havimkatazi mtu kufagia.

MAMA: Samahani, Mzee, na heshima yako. Katika watoto hao tisa, wasichana walikuwa wangapi?

MZEE: Sita.

MAMA: Basi kiwanja cha mama yako kilikuwa na watu saba wa kukifagia, siyo mmoja. Na wale sita, nani alikwenda shule?

MZEE: Mmoja. Mdogo.

MAMA: Mimi wangu watatu wanakwenda wote. Tangu Septemba 2019 serikali iliposema shule ya msingi hailipishwi tena, sikuwa na sababu ya kumwacha hata mmoja nyumbani. Asubuhi wanaondoka na madaftari, hakuna anayebaki kuosha sahani. Mimi naamka saa kumi usiku. Wavuvi wanarudi alfajiri na taa zao, na sambaza haimngoji mtu: jua likiipata kabla hujaianika au hujaiuza, umelala na hasara. Kutoka ufukweni natembea hadi barabarani, natafuta gari au pikipiki ya kunifikisha Sake. Barabara ilipokatwa 2024, wauza sambaza walipanda mashua toka Minova hadi Kituku, huko Goma. Mnajua ile mashua ya tarehe 3 Oktoba mwaka ule, iliyozama ikiwa imeshakaribia kutia nanga. Kwa hiyo sahani zangu ulizoziona, Mzee, ni kweli zilikuwa nje. Nilikuwa naogopa mambo mengine.

Hapa Mzee alinyamaza kidogo, nami nakubali kwamba alishindwa raundi ya kwanza kwa hesabu tu. Watu wengi wanaosifu usafi wa zamani husahau kuhesabu mikono iliyoufanya. Wasichana wakipelekwa shule, kazi yao haiendi nao darasani. Inabaki kiwanjani inangoja, na kwa kawaida inamngojea mama yao arudi jioni. Hata hivyo Mzee hakuwa amesema upuuzi mtupu, na Muuguzi alianza kwa upande wake.

MUUGUZI: Mzee ana haki ya kuuliza juu ya choo na majivu. Juu ya masahani, hana haki sana. Ninyi wawili mnabishana bila kutaja maji, na bila maji hakuna usafi wa aina yoyote. Katika misaada ya dharura, kiwango cha chini kinachotumika duniani ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga na kufua kidogo. Nyumba ya watu saba inahitaji lita 105. Bidoni ya manjano inabeba 20. Ni bidoni tano, na bado umepungukiwa. Kila bidoni ni kilo 20 mgongoni, na sisi hapa hatuishi mahali tambarare. Sasa niambieni, mtu aliyepandisha bidoni tano toka ziwani, mnataka amwage ngapi kwenye kuosha sakafu?

MWALIMU: Hapo ndipo watu husema mtu mvivu, kumbe mtu amechoka.

MUUGUZI: Mimi sitaki kumhurumia mtu halafu nimwache aumwe. Eneo hili la afya, Kirotshe, pamoja na Minova na Goma, ni mahali ambapo kipindupindu kinarudi tena na tena. Wakubwa hapa wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Goma na watu wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Ugonjwa ule haukuondoka moja kwa moja. Kwa hiyo mkiniambia Mama ana nusu saa tu ya kazi ya nyumba kwa siku, nitampangia hiyo nusu saa, wala sitaanza na kiwanja. Nitaanza na bidoni. Mnaijaza maji ufukweni, mtu wa klorini anakuwekea dawa kwa sindano, vizuri. Halafu unaifikisha nyumbani, unaimwaga kwenye beseni lisilo na kifuniko, na kila mtoto anachovya kopo lake na vidole vyake. Kazi yote ya klorini imekwisha pale. Bidoni yenye kifuniko, iliyooshwa ndani kwa kokoto na maji ukiitikisatikisa, ni usafi mkubwa kuliko sakafu inayong'aa. Pili choo: kifuniko juu ya shimo, majivu, na maji ya kunawa karibu, siyo ng'ambo ya kiwanja ambako hakuna atakayekwenda. Tatu chakula cha jana: kifunikwe, na kipashwe moto mpaka kichemke. Basi. Vingine vyote vinaweza kungoja hadi Jumamosi.

MZEE: Kwa hiyo kiwanja kiachwe kiote majani?

MUUGUZI: Kiwanja hakijawahi kumletea mtu kipindupindu, Mzee wangu. Ila sakafu ya ndani, ile ya udongo, hiyo sitaisamehe. Vumbi kavu ndilo nyumba ya funza. Jike lake linajichimbia kwenye mguu, mara nyingi kando ya kucha, linanenepa humo na mayai yake, na mtoto anakwenda shule anachechemea. Sakafu ikinyunyiziwa maji kidogo kabla ya kufagiliwa, na kila baada ya muda ikapakwa upya udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, vumbi linatulia. Masisi haijakosa ng'ombe.

MOTARI: Na zile ndoo zenye koki? Wakati wa Ebola zilikuwa kila mlango.

MUUGUZI: Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ndiyo. Hata dukani hukuingia bila kunawa. Ugonjwa ulipokwisha, koki zikavunjika, na ndoo nyingine leo zinahifadhi unga. Wakati wa Ebola aliyejaza ndoo alilipwa, au aliogopa. Leo anayejaza ni Mama, bure, baada ya safari ya tano ya ziwani.

Ningeweza kuufunga mjadala hapo. Mpangilio wa Muuguzi ni mzuri, na yeyote aliyebanwa na siku anaweza kuubandika ukutani: maji, choo, chakula, sakafu, kisha vingine kama nguvu zipo. Lakini Mwalimu alikuwa amengoja zamu yake, na hakuja kuzungumzia bidoni.

MWALIMU: Mimi nauliza kipimo chenyewe kimetoka wapi. Nyumba safi ni ipi? Kitanda kilichotandikwa, kitambaa mezani, sahani zimepangwa kwenye kabati? Mnajua kwamba wakati wa Mbelgiji jambo hilo lilikuwa mtihani? Mwaka 1948 wakaleta kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 wakaongeza ile waliyoiita imatrikulasyo, kwa Mkongomani aliyetaka kuhesabiwa kuwa amestaarabika. Tume ilikuja nyumbani kwake. Walitazama jiko, kitanda, uma na visu, walimwangalia mke anavyotunza nyumba. Patrice Lumumba mwenyewe alipitia huko Stanleyville, akaipata kadi yake mwaka 1954. Fikirini mtu kama yule, anahojiwa juu ya vyombo vya jikoni! Upande wa wanawake zikaanzishwa foyer social. Ya Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ilifunguliwa mwaka 1946. Wanawake walifundishwa kushona, kupiga pasi na kupamba nyumba, kisha wakufunzi wakawafuata majumbani kuona kama somo limeingia. Kwa hiyo Mzee anapopita saa nne asubuhi na kuhesabu masahani ya mtu, mimi namwona amevaa kofia ya tume ile.

MZEE: Mwalimu, chunga mdomo. Bibi yangu alifagia kabla hajamwona Mzungu.

MWALIMU: Alifagia, sikatai. Lakini hakupewa alama.

MAMA: Hapana, Mwalimu. Hapo mimi niko na Mzee.

MWALIMU: Wewe, Mama? Mimi nakutetea!

MAMA: Asante, lakini unanitetea vibaya. Usiniwekee Mbelgiji katika ufagio wangu. Ngoja niseme. Februari 2024 mabomu yalipofika Sake, na vita vikashuka Shasha, wengine walikimbilia Minova, mimi nilikwenda upande wa Goma na watoto. Tulikaa kambi ya Bulengo. Hema la shitingi, chini mawe ya volkano, ukilala mgongo unayahesabu moja moja. Ndani ya hema lile hapakuwa na kitu cha kupanga: sufuria mbili, bidoni, mablanketi, gunia. Mlango wetu uliangalia mlango wa mtu mwingine, hatua mbili tu. Na kila asubuhi nilifagia zile hatua mbili. Jirani yangu naye alifagia upande wake. Hakuna tume iliyokuja kutuona. Wageni waliokuja waliandika majina na kuhesabu watu, hawakutazama chini. Nilifagia kwa sababu pale nilipofagia palikuwa pangu mpaka jioni. Watu walipita wakazunguka, hawakukanyaga.

MUUGUZI: Na ulipochoka?

MAMA: Nilichoka kila siku. Kisha Goma ikaanguka, tarehe 27 Januari 2025, na mwezi uliofuata tukaambiwa makambi yavunjwe, kila mtu arudi kwao. Nikarudi. Mlango haukuwepo. Mabati hayakuwepo. Chumbani majani yamefika kiunoni. Mliobaki hapa mnajua nyumba zilivyokuwa. Sikupika siku ile, jirani alinipa bugali kwa sombe. Nilikata majani, nikafagia mpaka nikaona udongo. Sasa, dada yangu Muuguzi, wewe unasema kiwanja kingoje Jumamosi. Kwa afya unasema kweli. Lakini mtu aliyerudi, asipofagia kiwanja, wanaopita watadhani nyumba bado haina mtu. Na nyumba isiyo na mtu hapa kwetu, mnajua inavyokwenda: leo mbao, kesho mawe ya msingi.

Muuguzi alichukua muda kujibu, na alipojibu hakung'ang'ania.

MUUGUZI: Hilo sikuliweka katika hesabu. Na umenikumbusha jingine. Mabati yaliyoibwa yalikuwa pia kisima chako.

MAMA: Ndiyo! Watu wanafikiri bati ni kwa ajili ya mvua isiingie. Kwangu bati lilikuwa ni kwa ajili ya mvua iingie kwenye pipa. Toka Septemba hadi Desemba, na tena Februari hadi Mei, nusu ya maji ya nyumba yalitoka juu. Sasa hivi nimeezeka shitingi na mabati machache. Kila tone linatoka ziwani.

MUUGUZI: Hata bati lina siku zake. Volkano Nyamulagira ikitema majivu, yale maji ya kwanza ya paa yamwagwe, yasinywewe.

Napenda kusimama hapa kidogo, kwa sababu nadhani Mama amegusa kitu ambacho mashauri mengi ya kutunza nyumba hayakifikii. Tumezoea kugawanya usafi mara mbili, wa afya na wa heshima, na kumwambia mtu aliyebanwa aache ule wa heshima. Ni shauri jema kwa mtu ambaye hakuna anayeitilia shaka nyumba yake. Kwa mtu ambaye miezi michache iliyopita alikuwa namba kwenye karatasi ya ugawaji wa unga, kiwanja kilichofagiliwa ni kama hati ya kiwanja, na pengine kinaheshimiwa kuliko hati. Mwalimu naye, kwa historia yake yote sahihi, aliukosea ufagio wa Mama kwa sababu alitazama ukaguzi tu, hakumtazama anayefagia bila mkaguzi. Lakini ikiwa tunakubali kwamba kiwanja kisiachwe, na bidoni zisiachwe, na choo kisiachwe, basi kazi imebaki ileile na saa za siku ni zilezile. Lazima swali lihame kwenye vitu liende kwa watu. Aliyelihamisha hakukusudia.

MOTARI: Mimi niliona kwenye simu, kuna mwanamke wa Japani, Marie Kondo. Aliandika kitabu mwaka 2011 kikauzwa dunia nzima. Anasema ushike kila kitu ulichonacho, ujiulize kama kinakupa furaha. Kama hakikupi, unakishukuru, unakitoa. Nyumba inabaki na vitu vichache, haichafuki tena.

MAMA: Mimi nina sufuria tatu. Nitoe ipi?

MOTARI: Mama mdogo, ni mfano.

MAMA: Ile iliyotoboka hainipi furaha. Lakini ndiyo ya kuchemshia maji ya kuoga.

MWALIMU: Na huyo Kondo, alipopata mtoto wa tatu, mwaka 2023 alisema mwenyewe kwamba kwake mambo ya kupanga nyumba ameyalegeza. Muda wake sasa ni wa watoto. Wasomaji wake wengine walicheka, wengine wakakasirika. Mimi nilimpenda zaidi. Lakini shida yake na yetu ni mbali. Kwao nyumba imejaa vitu. Hapa kwetu nyumba imejaa kazi. Chumba kimoja ni ghala la maharage, ni chumba cha kulala watoto, usiku kuku wanaingia...

MUUGUZI: Na pikipiki.

MOTARI: Pikipiki lazima iingie. Ikilala nje haiamki.

MUUGUZI: Siipingi kuingia. Nauliza: Aprili, mvua imenyesha, umetoka Minova na matope mpaka kwenye tangi. Unaisukuma ndani, inadondosha matope na mafuta juu ya ile sakafu Mama aliyoipaka. Asubuhi saa kumi na mbili unaitoa. Nani anafuta?

Motari alitazama viatu vyake. Mama naye hakusema kitu, na naamini kunyamaza kwake kulikuwa kwa makusudi.

MZEE: Mtoto wa kiume hafuti sakafu. Hata mimi namlaumu kwa matope, lakini siyo kwa kutofuta.

MWALIMU: Mzee, nikuulize juu ya baba yako, siyo juu ya mama yako. Kazi yake nyumbani ilikuwa nini?

MZEE: Baba? Nyumba ilikuwa ya nyasi. Kila baada ya misimu kadhaa unaezeka upya, unapanda mlimani kukata nyasi, unakata mianzi, unasuka kuta, unarudishia udongo uliobomoka. Ua wa kiwanja nao unaoza, unaujenga tena. Hakukaa bure.

MWALIMU: Na wewe ulipojenga?

MZEE: Bati.

MWALIMU: Umeliezeka mara ngapi?

MZEE: ...Mara moja. Mwaka juzi nikabadili machache.

MWALIMU: Kuna mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, aliandika mwaka 1983 juu ya nyumba za kwao. Alionyesha kwamba vifaa vipya vilipoingia majumbani, kazi iliyoondoka ya kwanza ilikuwa ya wanaume na watoto. Jiko la chuma na makaa vikaja, mwanaume hakupasua tena kuni nyingi kama zamani. Lakini mke akapata jiko la kusugua, na vyakula vya kupika vikaongezeka. Nguo zikawa nyingi, zikafuliwa mara nyingi zaidi. Nilipokisoma nikafikiria Masisi. Bati limempumzisha nani? Siyo mama aliyekuwa anafagia. Sakafu yake iko palepale. Paa limempumzisha baba, na ule muda wake wa mianzi na nyasi hakuuleta ndani ya nyumba. Aliupeleka barabarani.

MZEE: Tunautumia kutafuta pesa. Bati linanunuliwa.

MAMA: Nami natafuta pesa, Mzee. Bati langu lile lililoibwa nililinunua kwa sambaza.

Hoja hii ya bati naiona ndiyo yenye nguvu kuliko zote zilizotolewa, na sijasikia jibu lake. Tunapenda kusema kwamba kazi za nyumba ni za wanawake tangu zamani, kana kwamba nyumba ya zamani ilikuwa na kazi za wanawake peke yake. Haikuwa hivyo. Ilimdai mwanaume pia, kwa jasho na kwa ratiba: mvua zikikaribia hajaezeka, aliaibika yeye, siyo mke wake. Deni lake likafutwa na kiwanda cha mabati, la mke likaongezewa shule ya watoto na safari ya soko. Leo mke akishindwa kulilipa tunamwita mchafu.

MWALIMU: Hata sheria imetembea kidogo. Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kuingia mikataba. Marekebisho ya Julai 2016 yameliondoa hilo. Mke anaweza kufungua biashara, kusaini...

MAMA: Asaini halafu arudi kuosha sufuria.

MZEE: Hapo ninyi mnataka sheria ifagie.

MWALIMU: Sitaki. Nataka tukubaliane tu kwamba hakuna sheria inayosema nani afagie. Hakuna ya serikali, na ile ya mila, wewe mwenyewe umetueleza ilimpa baba kazi yake.

MOTARI: Salongo je, ile kazi ya pamoja? Mobutu alitoa wanaume wote nje na majembe.

MZEE: Miaka ya 1970, ndiyo. Na leo bado Jumamosi asubuhi watu wanatoka. Mitaro, barabara, majani ya kando ya njia. Wanaume kwa wanawake.

MUUGUZI: Mmeona? Mwanaume anafagia barabara mbele ya watu wote na haoni haya. Ufagio ukivuka kizingiti tu kuingia ndani, unakuwa wa kike. Na baada ya salongo ya Jumamosi, mwanaume anapumzika, Mama anaanza ya nyumbani.

MZEE: Barabara ni ya wote.

MUUGUZI: Na kipindupindu ni cha nani? Mtoto akishikwa usiku, ni wewe Mzee unayetafuta machela.

Mzee hakugeuka, wala sikutaka kumgeuza. Wazee wa mijadala iliyoandikwa hugeuka upesi mno. Alichofanya ni kukubali jambo moja dogo, kwa masharti, nami naliandika kama lilivyo.

MZEE: Maji, sawa. Kijana kuchota maji siyo aibu. Tulipokuwa wadogo wavulana tulichota, hasa kama mto uko mbali au kuna wanyama. Kufuta sakafu mniachie kwanza. Lakini bidoni, kijana mwenye injini, amwache mama yake mdogo apandishe tano kwa mgongo? Hilo nalo hata mimi ningelisema njiani.

MOTARI: Mzee, mafuta! Bei ya lita moja mnaijua? Na kila bidoni nikipakia ni nafasi ya abiria.

MUUGUZI: Jioni unaporudi huna abiria. Unapita karibu na ufukwe.

MOTARI: Klorini jioni haipo.

MUUGUZI: Maji ya jioni yawe ya kufua, ya kuoga na ya sakafu. Ya kunywa Mama atayachota asubuhi mwenye klorini akiwepo, yuko huko tayari kwa ajili ya sambaza. Itabaki bidoni moja au mbili za mgongo, siyo tano.

MAMA: Unalala kwangu bila kulipa, mwanangu. Sikuwahi kukudai. Sasa nakudai bidoni tatu, kila jioni.

MOTARI: Mbili. Tatu zinabana usukani.

MAMA: Chukudu ya mbao inabeba magunia, nawe unaniambia bidoni tatu.

MOTARI: Chukudu haina breki za kununua! Haya, tatu siku za jua. Mvua ikinyesha, mbili.

MAMA: Mvua ikinyesha ndipo matope yanakuwa mengi. Tatu.

MOTARI: Na yale matope ya ndani, mama mdogo?

MAMA: Maji utakuwa umeyaleta mwenyewe. Kitambaa kiko nyuma ya mlango, nao mlango nimeupata juzi.

MZEE: Mimi sijasikia hilo la kitambaa.